Nilivyokwenda Kumtania Mwalimu Tadei

Mmeniuliza sana, na kwenye simu nimekuwa nikiwajibu kwa mkato: nilifika, tulizika, nimerudi. Nisameheni, nilikuwa sijapata nguvu ya kuongea. Sasa nimekaa, mguu wangu uliovimba nimeupandisha juu ya stuli, chai ipo, na nitawasimulia yote, pamoja na huo mguu. Msinikatize tu. Mnajua mimi nikikatizwa narudia mwanzo.

Kwa wale ambao hawakumfahamu: Mwalimu Tadei ndiye aliyenifundisha kazi ya historia. Alikuwa profesa, lakini ukimwita hivyo anageuka kuangalia nani amesimama nyuma yake. Yeye Mhehe wa Ifunda, mimi Mngoni wa Songea. Babu zetu walichinjana, wajukuu tukabaki watani. Na Mhehe akifa, Mngoni ana kazi yake msibani. Anavaa nguo za marehemu na kumwigiza alivyokuwa akitembea na kuongea, anazuia jeneza, pengine anaingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kuku. Waliofiwa wanacheka huku machozi yanatiririka, na hakuna anayemkasirikia.

Utani huo ndio ulionipa mkate. Nimeuandikia tasnifu, nimeufundisha, nimepanda cheo kwa ajili yake. Hoja yangu ilikuwa kwamba utani ni mali ya enzi za vita na misafara, kwamba uliopo unafifia na mpya hautazaliwa tena. Mwalimu Tadei aliipinga hoja hiyo tangu siku nilipomsomea kwa mara ya kwanza. "Wewe unaandika kama mtu wa mochwari," aliniambia. "Unampima mtu urefu wakati bado anapumua."

Nilipokwenda kumwona hospitali Iringa, alikuwa amekonda na shuka limemzidi. Akanishika mkono. "Siku yangu ikifika, wasifu wasome wengine. Wewe uje ufanye kazi yako ya Kingoni. Koti langu Benigna atakupa." Benigna ni mke wake. Nikamwambia aache maneno hayo, atapona. Akasema, "Niahidi kwanza, kisha nitapona." Nikaahidi. Hakupona.

Sasa mjue lililokuwa likinitesa njia nzima. Mimi, mtaalamu wa utani, sijawahi kumtania marehemu hata mmoja. Misiba yote niliyohudhuria nilikaa pembeni na kinasa sauti.

Iyunga hadi Chimala: wasifu unaogoma

Basi lilinichukua Iyunga, pale Mbeya, asubuhi, likaenda mwendo mfupi, likasimama kusubiri abiria ambao kondakta aliapa kwamba anawaona. Hakuna mwingine aliyewaona. Nilikaa karibu na mama mmoja wa Tukuyu aliyekuwa anapeleka ndizi Makambako, mtu mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mimi nikatoa kalamu, maana chuo, bila kuniuliza, kilikuwa kimeshanipangia kusoma wasifu wa marehemu. Mkuu wa kitivo alikuwa ameandika hivyo kwenye kundi la WhatsApp la msiba, watu wakaweka vidole gumba.

Nikaandika: alizaliwa, alisoma, alifundisha. Nikafuta. Utamwelezaje mtu kama yule? Wenzake walipokuwa wanaandika juu ya machifu na vyama vya siasa, yeye alikaa na mafundi cherehani wa sokoni Iringa akiwauliza suruali zilianza kupanuka lini miguuni, na kwa nini. Aliandika juu ya vilabu vya ulanzi, ile pombe ya mianzi, na ni nani alikuwa anakaa karibu na mlango. Aliandika jinsi harusi zilivyopata kamati na mashangazi walivyopoteza kazi. Wakubwa wakamuuliza kama hiyo nayo ni historia. Alicheleweshewa vyeo mpaka wanafunzi wake wakampita, nami nilikuwa mmojawapo, na kila aliyempita alipikiwa kuku na Mama Benigna.

Na karanga je? Hizo utaziweka wapi kwenye wasifu? Alifundisha amevaa koti la kahawia, mfukoni karanga za kukaanga na maganda yake. Mwanafunzi akijibu vizuri, anarushiwa karanga moja. Akijibu ovyo, Mwalimu anaimenya taratibu na kuitafuna mwenyewe huku akimwangalia. Mimi nimetafuniwa karanga nyingi sana na yule mzee. Nilizorushiwa zingeingia kwenye kiganja na nafasi ikabaki.

"Baba, unaandika barua kwa mkwe?" mama wa ndizi akaniuliza. "Mbona unafuta-futa hivyo?"

Nikamweleza kwamba naandika habari za mwalimu wangu, mwanahistoria wa jamii na utamaduni wa kisasa.

"Kisasa ndiyo lini?"

"Haya maisha yetu, mama. Ya babu zetu wa karibu, ya wazazi, mpaka ya juzi."

Akanitazama kwa huruma. "Ya juzi si umbea huo, baba? Kumbe mnalipwa!" Akacheka mpaka kiti kikatikisika. Nilitaka kukasirika, nikakumbuka Mwalimu angemrushia huyu mama karanga papo hapo.

Chimala tulinunua mahindi ya kuchemsha dirishani. Yangu yalikuwa magumu, yake laini. Sijui anachaguaje.

Karibu na Igawa: lori limelala

Kabla ya Igawa tukakuta foleni. Lori lilikuwa limelala barabarani kwa ubavu, limeziba njia yote, na dereva wake amekaa kwenye tairi anakula muwa, mzima wa afya. Winchi inakuja, walisema. Ikitoka wapi? Mbeya. Tuliotoka Mbeya tukaangaliana.

Jua likapanda. Watu wakashuka, wakanawa, wakafahamiana, wawili wakagombana juu ya kivuli. Kwenye kundi la msiba ujumbe ukawa unaingia: Daktari umefika wapi? Daktari, padri anasema mazishi ni alasiri bila kuchelewa. Nikajibu nipo njiani, jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa. Wasifu angeweza kuusoma yeyote. Koti lile lilikuwa langu, na kaburi likishafukiwa nitakwenda kumtania nani?

Ndipo nikamwona mtu mmoja wa makamo anageuza pikapu yake. Jina lake Ezekia, Msangu wa Madibira. Alisema anarudi Rujewa, apite Madibira mpaka Mafinga kuchukua mbao. Njia ni mbaya ila inapitika.

"Panda, baba," mama wa ndizi akaniambia, akinisukumia mkungu mdogo kifuani. "Mimi ndizi zangu zinangoja. Marehemu hangoji mtu."

Madibira: nilivyopatanisha wasiogombana

Ezekia alisema kweli kwa nusu. Njia ilikuwa mbaya. Mvua ilikuwa imenyesha, na ng'ambo ya mashamba ya mpunga, ambako maji yamelala kila upande na ndege weupe wanatembea kama wakaguzi, pikapu iliingia kwenye tope na kukaa kitako. Tulisukuma. Nikaanguka. Tukasukuma tena, nikaanguka upande wa pili, ikawa sasa nimelingana.

Akatokea mfugaji na maksai wake wa kulimia, Msukuma mrefu mwenye kofia ya pama. Baadaye nilijua anaitwa Masanja. Alisimama akatuangalia, halafu akaangua kicheko kibaya.

"Msangu! Hata kuendesha gari kwenye tope la kwenu hamjui? Kaa humo humo. Ota mizizi, tukuvune na mpunga."

Ezekia akavua shati. "Wewe ndiyo umeleta tope hili! Ng'ombe wako wamekanyaga nchi yetu mpaka imekuwa uji. Rudini kwenu Shinyanga!"

"Nirudi nani atakuzika? Ukifa leo, suruali hiyo naivaa mimi, na mkeo atanipikia!"

Mnajua habari za bonde la Usangu, wakulima na wafugaji, yaliyosemwa magazetini. Nikasema leo damu itamwagika hapa, na mimi ndiye msomi pekee niliyepo. Nikaingia katikati, tope mpaka magotini, mikono nimeinyoosha huku na huku. Nikawaambia ndugu zangu, ardhi hii ni yetu sote. Nikawaambia tofauti huzungumzwa. Nikagusia Mwalimu Nyerere. Nilikuwa nimefika kwenye amani na utulivu nilipoona wote wawili wananitazama.

"Ezekia," Masanja akauliza kwa upole, "mzee wako anaumwa?"

"Sijui. Nimemwokota Igawa."

"Mzee, tunataniana."

Nawaambieni ukweli, ningeweza kuzama kwenye lile tope na kubaki humo. Tasnifu nzima! Nimeandika sura za kurasa na kurasa za jinsi ya kuutambua utani: matusi yanayotaja kifo, mavazi na chakula, yanayosemwa hadharani, bila hasira machoni. Vyote vilikuwa mbele yangu. Sikuvitambua kwa sababu nilishaandika kwamba havitakuwepo. Hao wawili walicheka mpaka wakashikana mabega, na kila walipotaka kufunga kamba kwenye nira, mmoja anasema "amani na utulivu" na kazi inasimama.

Maksai walilitoa gari kama wanang'oa kisiki. Masanja akakataa tuondoke bila kula. Nikamwambia nina haraka, nakwenda kuzika. Akasema anayekwenda kuzika ndiye hasa anayetakiwa kula. Mkewe alipiga goti kidogo kunisalimia, "Mwadeela, baba," akatuwekea ugali wa moto na maziwa ya mgando mazito kiasi cha kukatwa kwa kijiko. Sijala kitu kitamu kama kile mwaka huu.

Na kazi ni kazi, nikauliza. Wasukuma na Wasangu mmekuwa watani tangu lini?

Masanja akamalizia tonge lake. "Tulipofika hapa tuligombana kweli, mzee. Polisi walikuwa wanajua majina yetu. Sasa mvua kama hizi, baba yangu akafariki. Ndugu wote wako Shinyanga, njia zimekatika. Nani atachimba? Wasangu wakaja na majembe yao bila kuitwa." Akamwonyesha Ezekia kwa kidole. "Baba yake huyu akachukua kofia ya baba yangu akaivaa, akaanza kuchunga ng'ombe wetu pale uani, anaimba Kisukuma cha ovyo, kibovu kabisa. Mama yangu tangu msiba uingie alikuwa hali kitu. Akacheka. Alicheka, baba, halafu akaomba chakula. Basi. Tangu hapo ndiyo hivyo."

"Kofia yenyewe ilikuwa kubwa," Ezekia akasema, "ilimfika baba mdomoni."

Nilinawa mikono, nikatoa simu mfukoni, nikatafuta jina la Mwalimu Tadei. Niliipata namba, kidole kikawa juu yake kabisa. Nilitaka kumwambia, Mwalimu, umeshinda, utani mpya umezaliwa, nimeuona na nimeukanyaga. Nikakumbuka. Mtandao wenyewe haukuwepo. Nikasema nakwenda kuangalia gari, nikaenda nyuma ya gari nikalia kidogo.

Mafinga: ujumbe wote kwa pamoja

Kutoka Madibira njia inapanda, hewa inabadilika, na ukianza kuona misonobari unajua umefika Mafinga hata kama umefumba macho, kwa sababu ya baridi na harufu ya mbao mbichi. Tope lilikuwa limenikaukia mwilini, nikitembea linapasuka.

Mtandao ukarudi na simu ikatetemeka mpaka nikaogopa. Misa imeanza. Daktari uko wapi? Misa imekwisha. Mkuu wa kitivo amesoma wasifu kwa niaba yako. Na wa mwisho: tunaelekea makaburini.

Nilisimama pale stendi na kikombe cha chai nisichokumbuka kukinunua. Ezekia alikuwa amefika kwenye mbao zake. Nikamshika mkono, nikamwambia asante, Mungu akubariki, nitatafuta gari la kwenda Ifunda.

"Utafika wameshaotesha na majani juu," akasema. "Panda."

"Na mbao?"

"Mbao hazifukiwi leo." Akawasha gari. "Na mimi nataka kuona. Mtu asiyejua utani akiuona, atatania vipi?"

Ifunda: kazi ya Kingoni

Tuliwaona kutoka mbali, kanga na miavuli, kwaya inaimba kwa Kihehe. Jeneza lilikuwa kwenye ukingo wa kaburi, kamba zimeshapitishwa chini yake. Nilishuka kabla gari halijasimama. Watu wakageuka wakaniona, mwenye tope kuanzia viatuni mpaka kwenye nyusi, na wazee wa chuo waliovaa suti wakaangalia pembeni.

Mama Benigna alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya dada zake. Nikaenda kuinama mbele yake. "Kamwene, mama. Nimechelewa."

"Kamwene. Hujachelewa, niliwaambia waimbe beti zote." Akageuka, akatoa nyuma yake lile koti la kahawia lililokunjwa vizuri. Akanipa.

Nikalivaa juu ya tope. Lilinibana mabega. Nikasimama, jamani, nikitafuta kichwani ukurasa wowote wa tasnifu yangu unisaidie. Halafu nikamwona Ezekia amesimama nyuma ya kwaya, ameinua mikono huku na huku kama mpatanishi, midomo yake inasema amani na utulivu.

"Simamisheni!" nikapaza sauti. "Nani amewaruhusu kumzika Mhehe kabla Mngoni hajamkagua? Mna uhakika amekufa? Huyu alikuwa analala hivi hivi kwenye vikao vya chuo!"

Kicheko kimoja kikatoka kwa akina mama, chembamba, kama kimeponyoka.

"Na mbwa wa Ifunda leo walale usingizi. Mhehe aliyekuwa anawatamani kwenye sufuria ameondoka!"

Sasa wakacheka wazi. Shangazi mmoja wa marehemu akanirushia kandambili, ikanipata, na hapo nikajua nimefunguliwa njia. Nikatembea kwa mwendo wake ule wa kuburuta kisigino. Nikamgeukia mkuu wa kitivo nikamuuliza, kwa sauti ya Mwalimu, suruali yake hiyo ilianza kubana lini na kwa nini. Padri alijificha nyuma ya kitabu chake. Kisha nikarukia kaburini, na hapo ndipo mguu ulipoteguka, maana niliyeruka si kijana.

"Sitoki!" nikapiga kelele kutoka chini. "Kitanda hiki nimekipenda. Leteni kuku!"

Nikatia mkono mfukoni kama alivyokuwa akifanya anapotaka kumnyima mtu. Mfuko ulikuwa umejaa karanga mpaka mdomoni.

Nilizitoa, nikaziangalia. Nilikusudia kuimenya moja na kuitafuna huku nikimwangalia mkuu wa kitivo. Niliimenya. Haikufika mdomoni. Nikajikuta nasema, na sikuwa nasema na watu, "Mwalimu, utani mwingine umezaliwa. Kule Madibira, Wasukuma na Wasangu. Nimeuona leo. Ulishinda, Mwalimu, ulishinda, nilikuwa nataka kukupigia simu." Na nikalia, kwa sauti, nimesimama kaburini mwa watu na karanga mkononi.

Juu yangu walikuwa wanacheka. Walidhani ni sehemu ya kazi. "Mngoni huyu anajua!" shangazi alikuwa anasema. "Oneni anavyolia kama kweli!" Nilivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kucheka, na wengine nao wakawa wanalia, na sikujua tena nani anafanya nini.

Kuku akashushwa, jogoo mwenye hasira. Sikutoka. Nawaambia wazi, sikutaka kutoka.

Ndipo Mama Benigna akasogea ukingoni, akaniinamia. "Mngoni, toka sasa. Unamchafulia mwenzako kitanda."

Ezekia na wengine wakanivuta kwa mikono. Tulimshusha Mwalimu, tukamfukia, nami nilishika koleo nimesimama kwa mguu mmoja.

Jioni tulikaa uani kwa ulanzi na ugali wa maharage. Ezekia alikuwa ameshawapata wasikilizaji, na habari ya mpatanishi wa Madibira ilikuwa inasimuliwa kwa mara ya tatu. Nikavua koti nikampelekea Mama Benigna. Nikamwambia, pole, nilizikuta karanga zake, nikashindwa kuendelea, inaonekana alizisahau mfukoni.

Akalirudisha koti kwangu. "Hakuzisahau. Niliziweka mimi asubuhi ya leo. Alinituma akiwa hospitali. Alisema, 'Benigna, yule Mngoni akija kulivaa, mjazie mifuko yote. Mwambie ni zile nilizomnyima.'"

Yule mzee alikuwa amelala chini ya udongo mbichi na bado alikuwa amenitania kuliko nilivyomtania mimi. Nilicheka pale pale, katikati ya waliofiwa, nikacheka kwa nguvu mpaka jogoo wangu akastuka. Hakuna aliyenikataza. Mama Benigna alichukua karanga moja kutoka mfukoni mwangu, akaimenya taratibu, akaitafuna huku ananiangalia.